KITI NI CHA WATU, SI CHA MTU: FUNZO KUTOKA ZAMBIA

Ndugu Wanachama,

Katika mikutano ya matawi tumeulizwa swali moja mara nyingi, nasi tumeona yafaa tulijibu katika karatasi hii, ili kila mtu asome na kufikiri mwenyewe. Swali lenyewe ni hili: Kwa nini sisi wafanya kazi tusimtoe mtu wetu, mtu aliyelipa ada kama sisi na kukaa katika mikutano kama sisi, akawa mkubwa wa nchi? Wanaouliza hivyo husema kwamba siku mwenzetu atakapoingia Ikulu, shauri la mishahara litakwisha, na waajiri watatuogopa.

Hatuwalaumu wenye kuuliza. Mtu aliyechoka hutafuta njia ya mkato. Lakini jambo hili si ndoto tena. Limekwisha kutendeka katika nchi moja ya Afrika, na habari zake zajulikana na kila anayetaka kuzijua. Nchi hiyo ni Zambia. Wahenga walisema, mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Basi na tutie maji, tutazame jinsi kiti cha Rais kilivyotoka mkono mmoja hadi mwingine katika nchi ile, na wafanya kazi walipata nini kila mara.

MZEE KAUNDA NA MIAKA 27

Zambia, ambayo zamani iliitwa Northern Rhodesia, ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na Rais wake wa kwanza alikuwa Bwana Kenneth Kaunda wa chama cha UNIP. Uhuru huo haukuletwa na wanasiasa peke yao. Katika Copperbelt, ndiko kwenye machimbo ya shaba, wafanya kazi Waafrika waligoma mwaka 1935 na tena mwaka 1940, na mara zote mbili wengine wao walipigwa risasi wakafa. Mwaka 1949 wachimba migodi waliunda chama chao, na Bwana Lawrence Katilungu akawa kiongozi wake. Kwa hiyo watu wa machimbo walijua maana ya umoja kabla bendera mpya haijapandishwa.

Baada ya uhuru vyama vya wafanya kazi viliwekwa chini ya umoja mmoja, nao ni ZCTU, ulioundwa mwaka 1965. Wenzetu wakumbuke ya kuwa COTU yetu ya hapa Kenya nayo iliundwa mwaka huo huo. Mawazo ya Serikali nyingi wakati ule yalikuwa mamoja: kwamba mfanya kazi amekwisha pata uhuru, basi sasa aache migomo, ajenge taifa. Mwaka 1969 Serikali ya Zambia ilitangaza kwamba itachukua asilimia 51 ya makampuni ya machimbo, na wengi walishangilia. Lakini Desemba 1972 vyama vingine vyote vya siasa vilikatazwa, ikabaki UNIP peke yake. Tangu siku hiyo uchaguzi wa Rais ulikuwa wa jina moja tu. Mpiga kura aliulizwa kama amtaka Bwana Kaunda au hamtaki, basi.

Hatutaki kumdharau Mzee yule, ambaye alifariki mwezi wa Juni 2021 akiwa na umri wa miaka 97. Alijenga shule na hospitali katika nchi iliyoachwa na wakoloni bila wasomi wa kutosha. Aliwapa makao wapigania uhuru wa nchi za kusini, na nchi yake ikaumia kwa sababu hiyo. Lakini wema wa mtu ni jambo moja, na namna ya kumwondoa wakati ukifika ni jambo jingine. Bei ya shaba ilipoanguka katika miaka ya 1970, fedha zikapungua, madeni yakazidi, vitu vikakosekana madukani. Desemba 1986 bei ya unga ilipandishwa, ghasia zikazuka Copperbelt. Juni 1990 ikapandishwa tena, ghasia zikazuka tena mpaka Lusaka. Mara zote mbili watu walipoteza maisha kwa ajili ya unga.

Fahamuni vizuri jambo hili. Mahali ambapo kura haiwezi kumwondoa mkubwa, hasira ya watu hutafuta mlango mwingine. Kule Zambia mlango uliokuwa wazi ulikuwa chama cha wafanya kazi.

MWENZETU AINGIA IKULU

Bwana Frederick Chiluba alikuwa karani wa mambo ya fedha katika kampuni moja mjini Ndola. Mwaka 1974 alichaguliwa Mwenyekiti wa ZCTU. Serikali ilimtaka aingie katika UNIP apewe cheo, lakini yeye na wenzake walikataa kuufanya umoja wa wafanya kazi kuwa mkia wa chama cha siasa. Mwaka 1981 viongozi kadhaa wa wafanya kazi walifukuzwa katika UNIP, na katika mwaka huo huo Bwana Chiluba na wenzake watatu walitiwa kizuizini pasipo kushtakiwa. Mahakama ndiyo iliyowatoa.

Mwezi wa Julai 1990 watu wa namna nyingi walikutana mjini Lusaka, wanasheria, wafanya biashara, wasomi, na viongozi wa wafanya kazi, wakaanzisha MMD, yaani harakati ya kudai vyama vingi. Mwisho wa mwaka ule sheria ikabadilishwa. Tarehe 31 Oktoba 1991 watu walipiga kura, na Bwana Chiluba akapata kura tatu katika kila nne. Mzee Kaunda alikubali kushindwa, akaondoka Ikulu kwa amani. Kwa tendo hilo twampa heshima yake kamili, maana wako wakubwa wengi wa Afrika ambao hawakuweza kulitenda.

Wafanya kazi wa Zambia walifurahi kupita kiasi. Mtu wao ndiye Rais. Katibu Mkuu wao, Bwana Newstead Zimba, akawa waziri. Je, ni nani sasa angewanyima haki yao?

MAMBO YAGEUKA

Ndugu, jibu ni hili. Serikali ya mwenzetu iliondoa msaada uliokuwa ukipunguza bei ya unga, lile lile jambo lililowafanya watu wafe mwaka 1986 na mwaka 1990. Mwaka 1992 iliundwa ofisi ya kuuza mashirika ya Serikali, na zaidi ya mashirika 250 yaliuzwa katika miaka iliyofuata. Desemba 1994 shirika la ndege la Zambia lilifungwa kabisa. Machimbo ya shaba yaliuzwa kipande kipande, tangu mwaka 1997 hata mwaka 2000. Machimbo ya Luanshya, ambako risasi zilipigwa mwaka 1935, yaliuzwa mwaka 1997, na kufika mwaka 2000 kampuni iliyoyanunua ilikuwa imeanguka. Maelfu ya watu waliachishwa kazi, na wengi walingoja malipo yao kwa miaka.

Wako wanaosema kwamba Serikali ilikuwa na madeni makubwa na haikuwa na njia nyingine, na kwamba wenye kukopesha fedha wa ng'ambo ndio walioamuru. Huenda neno hilo lina kweli ndani yake. Mashirika yale mengine yalikuwa yakila hasara kila mwaka. Lakini swali letu ni la namna nyingine. Wakati mambo hayo yalipokuwa yakitendeka, ni nani aliyekuwa akisema kwa niaba ya mfanya kazi? Viongozi wenye ujuzi wengi walikuwa wamehamia upande wa Serikali. Waliobaki walisitasita, maana ni vigumu kugoma dhidi ya mtu uliyembeba mabegani jana. Katika mwaka 1994 ZCTU yenyewe ilipasuka, na vyama kadhaa, pamoja na kile kikubwa cha wachimba migodi, vikajitoa. Basi wafanya kazi walipata Rais, wakapoteza chama.

Hatusemi ya kwamba Bwana Chiluba alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo. Mtu aliyefungwa kwa ajili ya wenzake si mtu mdogo. Twasema kwamba kiti humbadilisha mtu. Aliyekuwa akidai mshahara sasa ndiye anayeulipa, na aliyekuwa akipiga hodi sasa ndiye mwenye mlango.

Tena jambo jingine likatokea. Mwaka 1996 Katiba ilibadilishwa ili mtu ye yote anayetaka urais awe na wazazi wawili ambao ni Wazambia kwa kuzaliwa au kwa nasaba. Kila mtu alijua sheria hiyo imeshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, maana wazazi wa Mzee Kaunda walitoka nchi ambayo leo ni Malawi. Mwaka 1999 jaji mmoja hata alitamka kwamba Mzee Kaunda, aliyetawala Zambia miaka 27, si raia wa Zambia, ingawa neno hilo lilitenguliwa baadaye. Sheria ikitungwa kwa ajili ya mtu mmoja, humkamata na mwingine asiyekusudiwa. Tutaliona jambo hilo hapa chini.

MWAKA 2001: WATU WASEMA BASI

Katiba ya mwaka 1991 ilisema Rais atakaa vipindi viwili vya miaka mitano, si zaidi. Kipindi cha pili cha Bwana Chiluba kilipokaribia kwisha, wapambe wake walianza kuimba ule wimbo tunaoujua sote: bado twamhitaji, kazi haijakwisha, hakuna mwingine. Mwaka 2001 mkutano mkuu wa MMD ulibadilisha kanuni za chama ili aweze kusimama mara ya tatu.

Hapo watu walikataa. Wanasheria, makanisa na vyama vya wanawake walishikana mikono katika kamati iliyoitwa Oasis Forum. Watu walivaa utepe wa kijani, na madereva wakapiga honi jioni ya Ijumaa kuonyesha ya kuwa wamekataa. Mawaziri na wabunge wengi wa chama chake mwenyewe nao walikataa, na wengine wakafukuzwa kwa ajili hiyo. Tarehe 4 Mei 2001 Bwana Chiluba aliwaambia watu kwamba hatasimama tena.

Sisi twaiona siku hiyo kuwa kubwa kuliko hata ile siku ya kura mwaka 1991. Mwaka 1991 watu walimwondoa mtu waliyemchoka. Mwaka 2001 waliilinda sheria, hata mbele ya mtu waliyemchagua wenyewe.

Yaliyompata baadaye yanajulikana. Mwaka 2002 Bunge lilimwondolea kinga, akashtakiwa kwa wizi wa mali ya umma. Mwaka 2007 jaji wa London aliamua katika kesi ya madai kwamba yeye na wenziwe walipe fedha nyingi zilizopotea. Mwaka 2009 mahakama ya Lusaka katika kesi ya jinai ilimwona hana hatia. Alifariki Juni 2011. Hatutoi hukumu yetu juu ya hukumu za mahakama. Lakini ni huzuni kuona kiongozi wa wafanya kazi akimaliza maisha yake akienda na kurudi kortini.

VITI VILIVYOBADILIKA KWA KURA NA KWA KIFO

Aliyemfuata Bwana Chiluba alikuwa Bwana Levy Mwanawasa, mwanasheria. Desemba 2001 alishinda kwa kura 29 tu katika kila 100, maana kura zilitawanyika kwa wagombea wengi. Watu saba katika kumi hawakumpigia kura, naye akawa Rais wao. Alifariki Agosti 2008 katika hospitali mjini Paris. Makamu wake, Bwana Rupiah Banda, alishika kazi, na kwa kuwa Katiba iliagiza uchaguzi ndani ya siku 90, kura zilipigwa Oktoba 2008. Bwana Banda alimshinda Bwana Michael Sata kwa kura kama 35,000.

Bwana Sata hakukata tamaa. Alikuwa mtu aliyepita katika kazi nyingi za mikono na za chini. Alipata kuwa polisi, na alifanya kazi katika stesheni ya reli London. Septemba 2011 alishinda, na Bwana Banda akampa kiti bila fujo. Bwana Sata naye aliwaahidi watu fedha mfukoni, akamtia katika baraza lake Bwana Fackson Shamenda, aliyekuwa mkubwa wa ZCTU, ashike mambo ya kazi. Mishahara ya watumishi wa Serikali iliongezwa mwaka 2013. Kisha Serikali hiyo hiyo ikasema hakuna nyongeza tena kwa miaka miwili. Mara ya pili wafanya kazi wakaona ya kuwa kuwa na mtu wao barazani si sawasawa na kuwa na mkataba uliotiwa sahihi.

Bwana Sata alifariki Oktoba 2014 akiwa London. Makamu wake alikuwa Bwana Guy Scott, Mzungu aliyezaliwa Livingstone. Alishika urais kwa siku zile 90, lakini hakuweza kugombea, kwa sababu wazazi wake hawakuzaliwa Zambia. Je, mwaikumbuka sheria ile iliyoshonwa kwa ajili ya Mzee Kaunda? Miaka 18 baadaye ikamkaba mtu mwingine kabisa.

Januari 2015 Bwana Edgar Lungu alimshinda Bwana Hakainde Hichilema kwa kura zisizofika 28,000. Mwaka 2016 Katiba ikabadilishwa: mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura, na kila mgombea awe na mwenziwe wa kushika kiti akifa, ili nchi isiingie tena katika uchaguzi wa haraka wakati wa matanga. Sheria ile ya wazazi ikaondolewa. Bwana Lungu alishinda tena mwaka huo kwa shida. Mwaka 2017 Bwana Hichilema alikamatwa akashtakiwa kwa uhaini, akakaa ndani miezi minne, kisha shtaka likaachwa. Agosti 2021 mtu huyo huyo aliyetoka gerezani alipata kura karibu milioni 2.8, na Bwana Lungu kama milioni 1.8. Bwana Lungu alikubali, akatoka.

Basi mara tatu, mwaka 1991, mwaka 2011 na mwaka 2021, chama kilichotawala Zambia kilishindwa kwa kura, na kikaondoka. Hatusemi nchi ile ni pepo. Hata baada ya Bwana Lungu kufariki Juni 2025 huko Afrika Kusini, ugomvi ulitokea kati ya jamaa zake na Serikali juu ya mazishi, mpaka wakafika mahakamani. Unga bado ni ghali kwa maskini. Lakini hakuna askari aliyefaulu kukaa katika kiti kile, wala mtoto aliyekirithi kwa baba yake.

TUFANYEJE SISI?

Sasa twarudi kwenye swali lenu. Hatumkatazi mwanachama ye yote kugombea kiti cha siasa. Ni haki yake kama raia. Lakini siku anapochukua karatasi ya kugombea, na aache kiti chake katika chama siku hiyo hiyo, na asichukue jina, gari wala fedha za ada zetu. Akishinda, tutampongeza asubuhi na kumpelekea madai yetu mchana. Asione haya kuyapokea, nasi tusione haya kuyapeleka.

Tena tujifunze kuuliza habari za sheria kabla ya kuuliza habari za mtu. Mwanasiasa akija langoni kwa maneno matamu juu ya mishahara, tumwulize: Utaondokaje? Utakaa miaka mingapi? Ukishindwa utakubali? Hapa Kenya Katiba yetu nayo yasema vipindi viwili. Mtu ye yote akianza kusema kwamba miaka hiyo haitoshi, mfanya kazi asikae kimya akisema hilo ni jambo la wakubwa. Watu wa Zambia hawakukaa kimya mwaka 2001.

Na neno la mwisho ni chungu, lakini lazima tuliseme, maana nyani haoni kundule. Bwana Chiluba mwenyewe aliongoza ZCTU miaka 17 kabla ya kuingia Ikulu. Mtu aliyezoea kukaa miaka 17 katika kiti kimoja, ni ajabu gani akiona miaka kumi katika kiti kingine kuwa michache? Natutazame nyumbani. Yako matawi yetu, hatuyataji, ambayo uchaguzi huahirishwa kila mwaka. Mara fedha hazitoshi kwa mkutano, mara orodha ya wanachama haijakamilika, mara Mwenyekiti amesafiri. Hesabu za fedha zasomwa haraka haraka mwisho wa mkutano, watu wakitazama saa ya basi. Mwanachama akiuliza, huambiwa analeta fitina. Wimbo ni ule ule: bado twamhitaji, kazi haijakwisha, hakuna mwingine.

Twawezaje kumwambia Rais wa nchi aheshimu muda wake, hali katibu wa tawi letu haheshimu wake? Mtu hujifunza kushika kiti kidogo kabla hajapewa kikubwa. Tukimfundisha katibu wa tawi kwamba kiti ni chake mpaka afe, tusishangae siku tutakapompeleka Bungeni au Ikulu akashikilia huko pia.

Kwa hiyo twaomba kila tawi, katika mkutano wake ujao, liulize mambo mawili tu: uchaguzi wetu wa mwisho ulifanywa lini, na kanuni zasema ufanywe lini? Majibu yaandikwe katika kitabu cha mkutano, mbele ya wanachama wote, kabla ya shauri jingine lo lote. Kama tarehe imepita, basi siku ya kura ipangwe pale pale, na tangazo libandikwe langoni kazini kila mtu alione.

Umoja ni nguvu.

Sisi Wenzenu,
Watengenezaji wa Karatasi Hii